Tangi Lisilo na Kasoro

Jina lake ni Chilaib, yaani kijibwa. Mkitaka kucheka chekeni, yeye mwenyewe huwa wa kwanza. Mama yake alizaa huko mabwawani watoto wazuri wenye majina ya kupendeza, akawazika mmoja baada ya mwingine. Alipozaliwa huyu akampa jina ambalo hata hasidi angeona haya kulitamani, akampaka masizi usoni, akamfunga kwenye kipande cha gunia. Mtoto akaishi. Sasa ana mvi, ana mwana aliyeoa, na ukimwita Abu Jasib kwa heshima, kama wanavyoitwa wanaume wenziwe hapa Basra, anachelewa kugeuka. Ukimwita Chilaib anaitika papo hapo.

Mimi ni Umm Wisal, nauza mkate. Tanuri langu limeegemea ukuta wa nyumba yao, kwa hiyo yanayosemwa kule ndani nayasikia nipende nisipende. Aghalabu napenda.

Chilaib hutengeneza matangi ya samaki. Msifikirie yale makubwa ya hotelini, yenye mashine za kupuliza hewa na taa za rangi. Yake ni madogo ya kukaa dirishani, na karibu kila kitu ndani yake kimeokotwa. Kioo ni cha dirisha la duka lililovunjika, au rafu ya friji iliyotupwa. Anakikata, anakiunga kwa gundi ya mafundi wa madirisha, na mrija mmoja wa gundi anaukamua mpaka unajikunja kama mdudu. Chini anatandaza tope la mabwawani alilolianika juani na kulichekecha kwa chekeche langu la unga, ambalo alilikopa akasahau kulirudisha, nami nimeacha kulidai kwa sababu nani atachekechea unga humo tena? Juu ya tope ni mchanga wa ujenzi aliousuuza mpaka maji yake yanatoka meupe. Maji anayamimina juu ya kisahani, kidogo kidogo, tope lisitibuke. Mimea anaikata mwenyewe huko juu ambako mifereji bado ina maji matamu: shamblani yenye manyoya manyoya, na khuwaisa, ile yenye majani marefu mfano wa utepe. Halafu anasubiri, siku nyingi, haweki samaki hata umsihi vipi.

"Na mashine?" wateja humuuliza.

"Mashine ya nini, na huo umeme unao? Mmea ndio mashine. Unakula uchafu wa samaki, unampa samaki pumzi. Kazi yako wewe ni kutoa mkono wako humo ndani."

Lakini hakuna tangi lililotoka kwake bila kasoro. Aliitia kwa makusudi. Hapa kona imemeguka, pale kuna kizibo cha soda kilicholiwa na kutu, kwingine mguu wa mwanasesere umesimama katikati ya majani kana kwamba mtu amezikwa kichwa chini. Na kila tangi lilikuwa na jina baya. Kamasi. Soksi. Moja kubwa kidogo aliliita Mke wa Jaji, na jaji mwenyewe sijui alimfanya nini.

"Mzee, si ukitoe hiki kizibo?" bwana mmoja alimwambia. "Kinaharibu sura."

"Kitoe wewe ukifika kwako, na samaki wakifa usije kunililia. Akipita mtu akalitamani, jicho lake litakuta kizibo kwanza. Likishapata cha kula linaondoka zake."

Yule bwana alicheka akatikisa kichwa. Nami nilicheka. Mimi si mtu wa majini na macho mabaya. Nina mikono iliyoungua, na aliyeniunguza namjua, ni tanuri.

Jasib, mwanawe, anafanya kazi kwenye visima vya mafuta kule jangwani, anarudi mara moja moja. Alioa binti wa mjini, Shahla, msichana mwenye kisomo na mgongo ulionyooka. Walizika watoto wawili, wote kabla ya kutimiza siku arobaini. Mimba ya tatu Shahla aliibeba kama mtu anayevuka barabara na sinia la vikombe. Akazaliwa binti, na jamani, alikuwa mzuri. Sisemi kwa adabu. Watoto wachanga wengi wana sura ya wazee waliokasirika, lakini huyu alikuja amekamilika, nyusi na kila kitu.

Siku ya kumpa jina nilikuwepo, nimepeleka mkate.

"Tumwite Zibala," Chilaib akasema. Takataka. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mtoto huku kajifunika uso kwa kilemba, anachungulia kwa jicho moja.

"Ami, nakuheshimu," Shahla akamjibu, "lakini mwanangu si takataka."

"Kwa mdomo tu, mwanangu. Moyoni mwite malkia."

"Wale wawili hata majina hawakuwahi kupata, na wakafa. Sasa ilisaidia nini? Huyu ataitwa Rawnaq. Mwenye kukereka ahame mtaa."

Rawnaq ni mng'ao, ni kila kinachopendeza macho. Chilaib alitoka nje akaketi kwenye ngazi. Nilimpa mkate wa moto akaushika tu, hakuula.

"Watamuua," akaniambia.

"Wacha we! Nani amuue?"

"Nyie mnaokuja na kusema jamani, mtoto huyu."

Nami ndivyo nilivyokuwa nimesema.

Kesho yake alianza kujenga tangi jipya. Nilimsikia akikata kioo, na kwa mara ya kwanza hakikuwa cha kuokota. Alikinunua. Aliusuuza mchanga mpaka nikadhani ataumaliza. Akaenda kwao mabwawani akakaa huko siku kadhaa, akarudi na tope jeusi kwenye ndoo, mimea iliyofungwa ndani ya kitambaa kibichi, na visamaki vidogo vya fedha ambavyo sikuwahi kuviona sokoni, kila kimoja sawa na ukucha. Nilipoona anapanda mimea kwa kibano chake cha waya, jani baada ya jani, bila kizibo, bila mguu wa mwanasesere, nilimuuliza kama ameugua.

"Kama hawataki kumficha," akasema, "nitalipeleka jicho kwingine. Hili litakaa kando ya kitanda chake. Kila atakayeingia ataliona kwanza. Atalitamani hili."

"Halafu?"

"Halafu litakufa. Samaki watakufa, majani yataoza. Likifa nitajua kwamba limempokelea. Nitachinja kondoo, Umm Wisal, hata kama ni wa kukopa."

Ndivyo mambo yalivyokuwa, na kila mtu mtaani alijua. Tangi lile lilitengenezwa life ili mtoto aishi.

Nikwambieni ukweli, sijaona kitu kama kile. Ukiingia kutoka kwenye jua la uchochoroni, macho yako yalikwenda pale yenyewe. Maji hayakuonekana. Ilikuwa kama kipande cha mabwawa ya zamani, kabla hayajakaushwa, kimesimama hewani, na samaki wanapita kwenye majani bila kushikiliwa na chochote. Watu walikuja kumwona mtoto wakaishia kuliona tangi. Walisema mashallah, wakatema mate pembeni, wakakumbuka mtoto walipokuwa wanavaa viatu. Chilaib alisimama mlangoni akifurahi.

Adhuhuri moja alikuja mwanamke. Ilikuwa saa ambayo mwenye akili amejifungia ndani. Nilikuwa pale kwa sababu tanuri lilikuwa limezimwa. Aliingia bila kubisha, abaya yake nyeusi imefungwa mpaka kidevuni, akasimama mbele ya tangi. Kwa mtoto hakutupa jicho hata mara moja. Shahla alimkaribisha chai, hakujibu. Alitazama sana. Nilianza kusikia harufu ya matete mabichi, nikadhani ni lile tope.

"Zuri," akasema. "Halina hata doa."

Hakusema mashallah. Akageuka akatoka. Pindo la abaya yake lilikuwa limelowa, na mvua tulikuwa hatujaiona tangu masika.

"Shangazi yako hana adabu," nikamwambia Shahla.

"Shangazi yangu? Si umekuja naye wewe?"

Tulitoka mlangoni. Uchochoro ulikuwa mweupe kwa jua na hapakuwa na mtu hata mmoja. Pale aliposimama sakafu ilikuwa imelowa. Wakati ule wa mwaka ukipiga deki sakafu inakauka kabla hujakamua kitambaa, lakini maji yale yalikaa mpaka adhana ya alasiri. Niliyapangusa mwenyewe, na kitambaa nikakitupa, msiniulize kwa nini.

Chilaib alipoambiwa alipiga makofi. "Ndiye! Ndiye huyo! Ameliona, amelitamani, hakumtaja Mungu. Kesho mtaniona nakusanya maiti."

Kesho yake hakufa samaki. Wala keshokutwa. Nilikuwa nikimsikia asubuhi anaingia chumbani kwa mtoto, halafu anatoka.

"Vipi?" namuuliza kupitia ukutani.

"Wazima," anajibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Nimeishi miaka mingi na sijawahi kumwona mtu anasononeka kwa sababu samaki wake wana afya. Na afya waliyokuwa nayo ilikuwa inatia kichefuchefu. Hakuna jani lililogeuka manjano. Hakuna konokono aliyekufa, na konokono hufa, hiyo ndiyo kazi yao. Majani ya khuwaisa yalifika juu ya maji yakajilaza, yote upande mmoja, upande wa kitanda. Moja likavuka ukingo wa kioo likaning'inia nje, bichi, halikauki.

Mtoto naye akanyamaza.

Mwanzoni tulifurahi. Rawnaq alikuwa na kilio cha kuamsha mtaa, mara akaacha. Mtoto mtulivu, tukasema, mwenye baraka. Alilala amegeuza kichwa kuelekea tangi, macho wazi, hapepesi. Alikuwa ananyonya chupa yake kwa kiu kali, lakini mashavu yakaanza kushuka. Ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Shahla alimpeleka kliniki, wakamwambia mtoto hana homa, ni joto la kiangazi tu, ampe vya kunywa zaidi. Akampa zaidi. Akazidi kunyamaza.

Siku moja Shahla aliniomba nimwangalie akaoge. Nilikaa peke yangu mle chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya jua, saa ambayo hata nzi hawaruki. Nikatazama tangi. Samaki wote walikuwa wamesimama. Hawakuwa wanaogelea, mapezi tu yanatikisika, na vichwa vyote vimeelekea kitandani. Nikajiambia wanafuata kivuli. Basi nikashika kitanda cha mtoto, nikakisukuma taratibu mpaka upande wa pili wa chumba, nikarudi kuketi.

Samaki walibaki wameelekea pale kitanda kilipokuwa. Kisha wakageuka, si kwa mpigo bali mmoja mmoja, kama watu wanaopeana habari, mpaka wote wakawa wamemwelekea tena. Na Rawnaq alikuwa amegeuza kichwa chake kuwaelekea wao.

Nilimbeba nikatoka naye nje kwenye jua kali bila hata kumfunika. Shahla alinikuta kwenye ngazi, nywele zake zinachuruzika.

"Umerukwa na akili? Mtoto juani?"

"Litoe lile dubwana nyumbani," nikamwambia.

"Umm Wisal! Nawe?"

"Mimi sisemi kitu. Nasema litoe."

Nusura alitoe. Alishakamata ukingo wa kioo. Chilaib ndiye aliyemzuia, akaanguka miguuni pake, mzee mzima, baba mkwe wake, jambo la aibu ambalo hakuna anayetaka kuliona. "Mwanangu, ukilitoa sasa amebaki peke yake. Jicho limekwisha kuingia humu ndani. Likikuta tangi halipo litakwenda wapi? Niachie. Litakufa, nakuapia. Linachelewa tu."

"Na kama unalitaka life si ulivunje?" nikamuuliza.

"Nikiliua mimi nimeliua mimi. Lazima liuawe na jicho."

Shahla aliachia kioo. Alikuwa amechoka, uso wake umekuwa mdogo, na nadhani kufikia hapo alikuwa ameanza kuamini, kwa sababu kliniki haikumpa kitu kingine cha kuamini.

Ule ndio mwaka ambao chumvi ilipanda mtoni mpaka kwenye mabomba. Maji ya bomba tangu zamani hatuyanywi, tunanunua ya boza, lile lori la maji, lakini mwaka ule ukioga ngozi inabaki na unga, na maboza nayo yakawa ya kuwinda. Kila nyumba ilikuwa na pipa la maji matamu inalolichunga. Kwao pipa lilikuwa jikoni. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha tangi. Chilaib aliweka sheria hiyo mwenyewe mwanzoni mwa kiangazi, mtoto bado ana kilio chake, na aliieleza kwa utulivu kabisa. Tangi likifa kwa maji mabaya, hatutajua. Haitakuwa jicho, itakuwa uzembe wetu, na jicho litabaki na njaa. Kwa hiyo tangi lisikose kitu, lisipate hata sababu moja ya kufa isipokuwa ile moja.

"Na maziwa ya mtoto?" Shahla aliuliza pipa lilipoanza kulia tupu. Maziwa yake yalikauka mapema, mtoto alikuwa wa maziwa ya unga.

"Chemsha ya bomba. Chemsha sana. Moto unaua kila kitu."

Akachemsha. Birika lilikaa jikoni kutwa nzima, likipungua anaongeza, linachemka tena. Mtaa mzima tulikuwa tunachemsha. Sisi wakubwa tulitia majani ya chai na sukari ya kutosha, hatukuonja kitu.

Siku chache baada ya Shahla kuachia kioo, boza likaacha kuja kabisa. Joto lilishusha maji ya tangi mpaka majani yakaanza kujikunja juu, na nilimsikia Chilaib akizunguka chumbani, akikwangua pipa kwa kikombe, akizunguka tena. Ilikuwa jioni, watu wanapanda juu ya paa kulala. Kisha akatulia.

Asubuhi nilikuwa na unga mpaka viwikoni nikasikia ukelele. Nikajua mtoto amekufa. Nikaacha mkate unaungua ukutani mwa tanuri, nikakimbia. Chilaib alitokea mlangoni. Alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na mkononi kiganja kimejaa visamaki vya fedha.

"Wamekufa! Umm Wisal, wamekufa wote! Njoo uone! Limepiga, limepiga, alhamdulillahi, limepiga!"

Alinivuta ndani. Lile tangi lilikuwa limekwisha. Samaki waliobaki walielea ubavu juu, konokono wamelegea nje ya magamba yao, na shamblani, manyoya yake mazuri yale, imekuwa laini na ya kioo, inaanguka ukiitazama. Kitu kilichokataa kufa kiangazi kizima kilikuwa kimekufa kati ya jioni na asubuhi. Mimi niliyeungua mikono na tanuri, nikasema, basi kumbe ni kweli.

Majirani walianza kuingia. Mtu alileta tende. Mtu alipiga vigelegele. Chilaib alikuwa anambusu kila mtu, anaulizia bei ya kondoo. Na Shahla aliketi kwenye mkeka, mtoto kwapani, chupa mdomoni mwa mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini alikuwa anatabasamu. Rawnaq alikuwa ananyonya kwa pupa, macho nusu wazi.

"Unaona anavyokunywa?" Shahla akaniambia. "Ami alisema kweli. Mimi na elimu yangu yote."

Halafu akatazama tangi, na tabasamu likabaki pale usoni ingawa alikuwa ameanza kufikiri. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni.

"Ami," akamwita. "Pipa si lilikuwa tupu?"

"Tupu kabisa!"

"Sasa haya maji umetoa wapi?"

"Kwenye birika lako," akasema Chilaib kwa furaha. "Yale ya mtoto. Nilisema yamechemshwa, masafi, hakuna maji yaliyo bora kuliko hayo nyumba nzima. Nikayaacha yapoe, nikalimiminia yote. Halikukosa kitu, mwanangu. Sikulikosesha kitu!"

Vigelegele viliendelea kidogo uani, kwa wale wasiosikia. Niliona Shahla anashusha macho polepole kwenye chupa. Akaichomoa mdomoni mwa mtoto, akadondosha tone kwenye ulimi wake mwenyewe. Uso wake sitausahau. Akanipa chupa. Nikaonja. Chini ya utamu wa maziwa ilikuwa chumvi, chumvi ya kuchemshwa na kuchemshwa tena, kama maji yanayolowekewa zeituni.

Kiangazi kizima samaki walikuwa wanakunywa maji matamu, na mtoto alikuwa anakunywa hayo.

Rawnaq alifungua mdomo kuitafuta chupa iliyoondoka. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia. Kisha akakunja uso, akavuta pumzi, na akalia. Sauti ilitoka nyembamba, imekwaruza, sauti ya mlango uliofungwa muda mrefu, lakini alilia. Mkono wa Chilaib ukafunguka na samaki wakaanguka kwenye mkeka.

Hospitali walisema damu yake imejaa chumvi. Walimlaza, wakamtia maji kwa sindano pole pole, wakatufukuza mlangoni. Jasib alirudi kutoka jangwani na vumbi lake. Tulikaa ukumbini, Shahla hakulia wala hakumlaumu mtu, na hilo lilikuwa baya kuliko kulaumu. Mtoto aliishi. Naliweka mbele, msije mkabana pumzi. Aliishi, akanenepa, akarudisha ule ukelele wake, na mtaa ukamlaani kwa upendo.

Nilidhani Chilaib atacheka tena. Siku moja alikuja kwenye tanuri, akasimama kanipa mgongo.

"Halikuwa la yule mwanamke," akasema.

"Nini?"

"Jicho. Yeye alitazama mara moja tu. Nani aliyekuwa anakwenda kuwatazama kila asubuhi? Nani aliyesema moyoni mwake, katika mabwawa yote na mji wote hakuna mtoto kama huyu?"

"Yalikuwa maji, Chilaib. Chumvi. Daktari amekwambia kwa mdomo wake."

"Najua ni chumvi. Aliyesema wampe hayo maji ni nani?"

Nilikuwa na mkate mkononi unaniunguza, nikaubadilisha mkono huu na mkono huu. Yule mwanamke hakuna aliyemwona tena, wala aliyemjua, na nilipomkumbusha Chilaib sakafu iliyolowa alinipungia mkono tu, kana kwamba hayo ni mambo ya kitoto.

Tangu siku hiyo hajamtazama mjukuu wake. Anaishi naye nyumba moja. Rawnaq sasa anatembea, na kati ya watu wote wa duniani amemchagua babu yake. Anamfuata jikoni, uani, mpaka darini. Akiingia chumbani mzee anageukia ukuta. Akimrukia mapajani, anafumba macho. Anamlisha tende huku kafumba, kokwa anaitoa kwa kupapasa. Anamchania nywele kwa kupapasa, na anamsuka vizuri kuliko mama yake. Mtoto anadhani ni mchezo, naye anafumba yake, wanakaa hivyo wote wawili mbele ya mlango wangu wakitafuna.

Nami nawatazama. Pua ni ile ile, kidevu ni kile kile, na akifikiri anakunja paji vile vile upande mmoja. Ni Chilaib mtupu aliyevaa gauni. Mtaa mzima tunaliona hilo, na hakuna aliyethubutu kumwambia, maana tunajua atatamani kuangalia.